Sikio la Tatu la Mwalimu

Nekesa alikuja kwangu Jumanne alasiri, wiki tatu baada ya kumzika baba yake huko Kakamega, akiwa na kanda ya kaseti ndani ya mfuko wa mkate. Mara ya mwisho kumwona alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Sasa ni mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye paji pana la baba yake na ile tabia ya kukutazama midomo unapozungumza, ambayo nadhani aliipata kwa kukaa na mtu aliyelazimika kufanya hivyo. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango. "Anti," akasema, "baba aliacha hii kwenye sanduku la nguo zake. Mama anasema ni kwaya yenu ya Kibera, na kwamba wewe bado uko na redio ya kaseti. Mimi sijawahi kumsikia baba akiimba. Nilimjua akiwa hivyo tu, hasikii." Alitaka kumsikia, na alitaka kujua kama kwaya hiyo ilikuwa nzuri kweli, kwa sababu baba yake kila akiulizwa alitikisa kichwa na kuondoka. Niliitambua kanda kabla hajaitoa mfukoni. Nikamwambia tunywe chai kwanza. Chai ilichukua muda mrefu kuliko inavyostahili, kwa sababu nilisimama jikoni nikiutazama moto na kuufikiria mwaka ule wote.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini na nilikuwa na umri wa miaka ishirini. Nilipanga chumba kimoja Gatwekera, huko Kibera, kwenye ploti ya vyumba vinane vinavyotazamana, na upande wangu wa kushoto aliishi Mwalimu Makokha na mkewe, Mama Nekesa, na mtoto wao mchanga. Kati yetu kulikuwa na bati moja tu. Ukuta wangu ndio uliokuwa ukuta wao, na msumari nilioningʼinizia koti ulitokeza upande wa pili, ambako Mama Nekesa aliningʼinizia chujio la chai. Nikilitoa koti, chujio lilicheza. Nilijua walikula nini kwa sauti: mrenda haupigi kelele sufuriani, omena wanapokaangwa wanapasuka kidogo kidogo, na ugali unaposongwa mwiko unagonga pembeni kwa mapigo ambayo kila mwanamke anayo yake. Mapigo ya Mama Nekesa yalikuwa matatu ya haraka na moja la kupumzika. Hata leo nikisikia mtu akisonga ugali tofauti na hivyo, kuna kitu ndani yangu kinangojea pigo la nne.

Makokha hakuwahi kufundisha darasa lolote. Kazi yake ilikuwa kutengeneza redio kwenye kibanda kidogo Kawangware, lakini Jumamosi alasiri aliongoza kwaya yetu ya kanisa katika chumba cha shule ya nasari kule Kianda, na kwa sababu hiyo kila mtu alimwita Mwalimu. Hatukuwa na kinanda. Alikuwa na chuma kidogo chenye meno mawili, tulikiita uma, ambacho alikigonga kwenye goti, akakisogeza sikioni, kisha akamwimbia kila mtu sauti yake: soprano, alto, tenori, besi. Kwaya inayoimba bila ala ina ugonjwa mmoja. Inashuka. Ubeti kwa ubeti sauti zinateremka pamoja, taratibu, na waimbaji hawajui kwa sababu wote wanateremka kwa mwendo mmoja. Makokha alijua. Katikati ya wimbo angeinua kidole na kusema, "Mmeshuka," nasi tungebisha, naye angegonga uma na tungeona haya.

Alipenda kutuonyesha jinsi masikio yetu yanavyotuchezea. Siku moja alituambia tufunge macho, tuhesabu hadi sitini, kisha kila mtu aseme alichosikia. Tulikaa kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia kidevu. Ouma, mpaka rangi aliyeimba besi, alisema amesikia chapati ikigeuzwa. Mtu akamwambia chapati haina sauti. "Ukiwa na njaa iko nayo," Ouma akajibu. Mama mmoja wa alto alisikia mtoto wake akikohoa nje. Mimi nilisikia redio ya jirani. "Na kinu?" Makokha akauliza. Tukatazamana. "Kinu cha posho hapa nyuma. Kinasaga tangu asubuhi, hata hii meza inatetemeka, na hakuna mtu amekitaja." Tukacheka. Muda mfupi baadaye kinu kikazimwa, na watu wote chumbani wakainua vichwa kwa pamoja. "Mmeona?" akasema. "Hamkusikia kikisaga, lakini mmesikia kikinyamaza. Sikio linachukua kile linangojea. Kingine linatupa."

Siku nyingine alileta redio ndogo yenye spika isiyozidi kifuniko cha kikombe, akaweka kanda ya kwaya fulani, akatuuliza kama tunaisikia besi. Tulisema ndiyo. Akasema spika kama hiyo haiwezi kutoa besi hata ukiiomba vipi, ni ndogo mno. "Sasa nani anaimba?" akauliza. "Ni mimi, niko kila mahali," Ouma akasema. Makokha akangoja kicheko kiishe. "Ni nyinyi. Mnaijua inapaswa kuwa wapi, kwa hivyo mnaiweka. Mtu anaweza kusikia kitu hakipo kabisa, na aape kiko." Nililiandika hilo kwenye daftari langu. Sikujua kwamba kabla ya mwaka kuisha ningelitazama likitokea usoni mwake.

Kifua kikuu, ambacho alikuwa amekiugua zamani, kilimrudia wakati wa mvua ndefu. Safari hii, kwa sababu ilikuwa mara ya pili, aliandikiwa sindano kila asubuhi kwa wiki nyingi pamoja na vidonge. Niliyasikia mazungumzo yao jioni moja nikichagua mchele. "Wamesema hii dawa inaweza kugusa masikio," alisema Makokha. Mama Nekesa akauliza, "Na ukiiacha?" Mumewe akajibu, "Nikiiacha, ni kifua." Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Halafu Mama Nekesa akasema, pole pole kabisa, lakini bati halijui pole pole, "Basi chukua sindano, Baba Nekesa. Huyu mtoto hajali kama unasikia soprano." Hakuna aliyedanganywa wala kukosewa hapo. Alipewa chaguo, akachagua kuishi.

Aliporudi kwenye mazoezi, kola ya shati ilikuwa imemzidi shingo. Tuliimba wimbo alioutunga mwenyewe, wenye beti sita, ambao tulikuwa tukijiandaa kuurekodi na kuupeleka kwenye kipindi cha kwaya redioni. Katika ubeti wa kwanza akatusimamisha. "Soprano, mko?" Tukasema tuko. "Mbona hamuimbi?" Tulikuwa tumeimba. Tukaongeza sauti. Akatusimamisha tena, akaweka kiganja nyuma ya sikio, akatabasamu kama mtu anayebembeleza watoto wenye haya. "Besi nawasikia. Tenori nawasikia. Dada zangu, nyinyi mmeenda wapi?" Tukaimba kwa nguvu hadi mishipa ikatutoka, na Ouma akanongʼona, "Hawa madem wanapiga nduru kama wameona nyoka." Watu walicheka, lakini mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele na niliona alichofanya baadaye. Aligonga uma gotini, akauweka sikioni. Akaugonga tena, kwa nguvu zaidi. Halafu akaushika kwa meno ili ausikie kwa mifupa, akafumba macho, akakaa hivyo kwa muda. Alipoyafumbua alikuwa akinitazama mimi. Akaufuta uma kwenye suruali, akanipa. "Adhiambo, kuanzia leo wewe ndiye utakuwa ukitoa sauti."

Sauti nyembamba zilimtoka kwanza. Ndege, filimbi ya birika, watoto wa kike wakiruka kamba, sisi. Na kwa kuwa zilitoka kidogo kidogo, hakuona kwamba amepoteza kitu. Aliona dunia imenyamaza, kama watu wameamua kumnunia. Dawa iligusa hata mizani ya mwili. Akivuka ubao uliowekwa juu ya mtaro karibu na ploti yetu alitanua mikono, akayumba, na wanawake waliokuwa wakifua wakaambiana, "Mwalimu ameanza chupa." Mzee wa kanisa akaja kumuonya. Kupitia bati nilimsikia Makokha akimjibu, kwa upole, maswali ambayo mzee hakuwa ameyauliza.

Asubuhi nilikuwa nikifua nguo za watu Riruta Satellite, na mchana nilipita kwenye kibanda chake Kawangware, ambako tulikula githeri kwenye sahani moja, yeye akinisukumia vipande vya parachichi kwa sababu alisema mimi bado nakua. Hapo ndipo nilipokuwa sikio lake. Alifungua redio, akaweka vidole kwenye spika, akaniuliza, "Inakoroma ama inapiga filimbi?" Nilisema inakoroma. "Ukigusa hapa?" Imeacha. Wateja walidhani ananifundisha kazi. Sikuwahi kumdanganya hata mara moja kuhusu redio. Siku moja mteja alikuwa na haraka, nami nikasema redio yake bado ina mkwaruzo, na mteja akaninunia, na Makokha akaifungua upya. Akasema, akiwa ameinama, "Mtu ana masikio mawili. Mimi nimeongezewa la tatu."

Asiyejisikia hawezi kunongʼona. Hilo nililijifunza kwa ukuta ule. Kadiri wiki zilivyopita sauti yake ilipanda, hata akawa akimwambia mkewe siri ambazo vyumba vyote vinane vilizipata. "Mama Nekesa, sitaki majirani wajue," alianza jioni moja, na kutoka chumba cha pili sauti ikajibu, "Mwalimu, tushajua." Ploti nzima ilicheka. Yeye hakusikia, aliendelea kueleza. Jioni nyingine, siku chache kabla ya kurekodi, nilikuwa nikila peke yangu nikamsikia akisema, "Wote wananihurumia. Ouma ananiambia kila kitu ni kizuri. Wewe pia. Ni huyu Adhiambo tu hanidanganyi." Niliacha tonge mkononi. Siku iliyofuata Mama Nekesa alinikuta bombani, akanishikia mtungi, akasema, "Umesikia vile alisema jana." Nikakubali. "Basi usimwonee huruma. Huruma anayo ya kutosha."

Studio ilikuwa chumba cha juu Kawangware, kuta zimebandikwa trei za mayai na mablanketi ya zamani. Chini yake kulikuwa na mafundi wa kuchomelea vyuma, kwa hiyo kurekodi kulifanyika Jumapili alasiri tu, mafundi wakiwa wamepumzika. Tulikuwa watu kumi na wanne na maikrofoni mbili. Nilitoa sauti kwa uma, Makokha akaweka mkono mmoja kwenye benchi alilokuwa amekalia Ouma ili mtetemo wa besi umwambie tulipo, na mwingine akaongoza nao. Tulianza vizuri. Kufikia ubeti wa tatu nilihisi sakafu inateremka. Soprano tulikuwa tumezoea kupiga kelele kwa ajili yake na koo zetu zilikuwa zimechoka. Tuliwavuta wengine chini pamoja nasi. Niliinua macho kumpa ishara. Alikuwa amefumba yake. Alikuwa akitabasamu, akiinua kidole mahali hasa soprano inapopanda, akikiteremsha mahali hasa inapotulia, kwa wakati wake, bila kukosea. Alikuwa akiisikia. Kwaya aliyokuwa akiisikia haikuwa imeshuka wala kuchoka, na sisi tuliokuwa chumbani hatukuwa ndani yake. Nimewatazama watu wengi wenye furaha tangu siku hiyo, na sijaona uso kama ule.

Wimbo ukaisha. Tukanyamaza kama tulivyoagizwa. Niligonga uma gotini, nikausogeza sikioni, na pengo kati ya sauti yake na ile tuliyomalizia lilikuwa kubwa. Ouma alikuwa akitazama viatu vyake. Makokha akanigeukia, akauliza, "Imeshuka?" Tulikuwa na muda wa kurudia, hilo nataka liandikwe. Mafundi hawakuwa kazini siku hiyo na mwenye studio hakuwa na haraka. Nikamsogelea sikio la kulia, lililokuwa limebaki na kidogo, na kwa kuwa ilibidi nipaze sauti, nikapaza: "Haijashuka, Mwalimu." Akashusha pumzi ndefu. Akaniwekea mkono kichwani, kama wafanyavyo wazee wanapobariki. Njiani kurudi Ouma alitembea nami hatua nyingi bila mzaha wowote, halafu akasema, "Adhis, ulifanya poa." Nilitaka kumwamini.

Barua kutoka redioni ilikuja baada ya wiki kadhaa, kupitia sanduku la posta la kanisa. Nilimpelekea mwenyewe kibandani, nikakaa kungoja, kwa sababu mjinga ndani yangu alidhani labda wameukubali. Aliifungua kwa bisibisi. Ilikuwa fupi. Walishukuru, walisifu utunzi, na wakasema wimbo hauwezi kuchezwa kwa kuwa kwaya inashuka tangu ubeti wa tatu hadi mwisho. Alisoma kidole kikifuata mstari. Akarudia. Sikio lake lilikuwa limefungwa lakini macho yalikuwa mazima, na ukweli ulipita hapo. Githeri ilikuwa mezani, haijaguswa. "Ulijua?" akauliza. Nikaitikia kwa kichwa. Alikunja barua kwa mikunjo midogo midogo hadi ikatosha kwenye boksi la fyuzi. "Haya mawili yalichukuliwa na sindano," akasema, na kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi alisema kwa sauti ya chini, sijui alijuaje, "na sikulalamika. Hili la tatu nilikuwa nalitegemea." Nikaanza kueleza, nikaeleza kuhusu uso wake, kuhusu furaha. Alikuwa ameshageuza macho kutoka midomoni mwangu. Nilikuwa naongea na mtu aliyekuwa na uwezo wa kuninyamazisha kwa kutazama pembeni tu, na akautumia.

Hakuja tena mazoezini. Nilimrudishia uma kupitia kwa Mama Nekesa, naye akaurudisha siku hiyo hiyo, akasema, "Amesema ukae nao." Mwisho wa mwezi walihama kwenda kwao. Niliamka nikalitoa koti msumarini, na upande wa pili hakukuwa na kitu kilichocheza. Baadaye nilipata kazi ya kuandika habari, nikaifanya miaka mingi, na wenzangu walinitania kwa kukagua kila neno mara tatu. Sikuwahi kuwaeleza. Mara mbili nilimwandikia barua. Hakujibu, na sidhani alikuwa na deni la kunijibu.

Chai ilipokuwa tayari nilimimina vikombe viwili, nikaitia kanda ndani ya redio. Ilikuwa kanda mama, ile ya kwanza kabisa iliyotoka studio, si nakala. Kwanza mvumo, kisha mtu akikohoa, kisha sauti ya mwanamume, yenye uchangamfu: "Soprano, mko?" Nekesa akaweka kikombe chini. "Ni yeye?" Nikamwambia ni yeye. Tukaimba, sisi watu kumi na wanne, wengine wetu sasa marehemu, Ouma akiwemo, na redio yangu ni ndogo na najua haitoi besi, lakini nilimsikia Ouma wazi. Ubeti wa tatu ukafika. Masikio yangu si yale ya zamani, daktari ameniambia sauti nyembamba zimeanza kunitoka, hata hivyo niliisikia sakafu ikiteremka kama siku ile. Nekesa hakugundua. Alikuwa akilia na kutabasamu, akipiga goti taratibu kwa kidole, mapigo matatu ya haraka na moja la kupumzika.

Wimbo ukaisha. Nilinyoosha mkono kuzima, nikidhani kilichobaki ni mvumo. Mwenye studio hakuwa amezima mashine. Kanda ikaendelea: mlio mwembamba wa uma gotini kwangu, ambao sasa niliusikia kwa shida, kisha Makokha, karibu sana na maikrofoni, "Imeshuka?" Kisha msichana akapaza sauti, kila silabi imenyooka: "Haijashuka, Mwalimu." Kisha ile pumzi yake ndefu. Kisha kimya. Kanda hiyo ilikuwa imekaa sandukuni mwake miaka yote hiyo, kati ya nguo, kitu ambacho kila mtu ndani ya nyumba ile angeweza kukisikia isipokuwa yeye.

"Huyo msichana ni nani?" Nekesa akauliza. "Ni mimi." Alinitazama midomo, akingoja zaidi. Nikasema, "Ilikuwa imeshuka, mama. Nilimdanganya." Nekesa akaigeukia redio. Halafu akainama, akabonyeza kitufe cha kurudisha kanda nyuma, kidogo tu, kwa sababu popote pengine kwenye kanda ile baba yake alikuwa mbali na kipaza sauti, na hapo tu ndipo aliposikika vizuri, kana kwamba amekaa nasi. "Imeshuka?" Makokha akauliza, na msichana akajibu, naye akashusha pumzi. Nekesa akarudisha tena. Akarudisha mara ya tatu, ya nne, akiwa amefumba macho, akiwa na uso ule ule wa baba yake studioni. Kila mara baba yake aliuliza, na kila mara mimi, kwa sauti ya chini ili nisimharibie Nekesa, nilimjibu kabla ya msichana yule kufungua mdomo: imeshuka, Mwalimu, imeshuka, turudie.